Mwenye Taa wa Siriki ya Floribert

Watu wa Muheto, katika milima ya Masisi huko Kongo, humwita Papa Ampuli, yaani Baba Balbu, na jina hilo linamkaa kuliko lile la Athanase alilopewa kwa ubatizo. Ukiwa na paneli ya jua iliyokataa kuchaji, redio iliyopoteza sauti, au tochi inayowaka siku inayotaka yenyewe, unampelekea Athanase Kanyamibwa. Atakukalisha kwenye benchi, atakuuliza hali ya mama yako na ya maharagwe yako, kisha ataifungua tochi polepole kama mtu asiye na kazi nyingine duniani. Kama una haraka, pole yako. Kabla hujaondoka atakuwa ameshakusimulia habari za siriki.

Siriki ni sarakasi, kwa Kiswahili cha milima hiyo. Athanase alikuwa mwenye taa wa sarakasi iliyosafiri kwa lori kati ya Masisi na Walikale, zamani nchi ilipokuwa ingali inaitwa Zaire na yeye ana miaka ishirini na sita. Aliitumikia miezi kumi na minne tu. Kwa mtu aliyepita sitini, miezi kumi na minne ni nini? Lakini mwulize habari za miaka yake mingine, ya kulima, ya kukimbia vita na kurudi, ya kujenga nyumba mara tatu kwenye kiwanja kile kile, atakujibu kwa sentensi mbili na kuangalia pembeni. Mwulize habari za siriki, na chakula cha mchana utakula kwake.

Mambo yalianza kwa ng'ombe. Athanase aliendesha jenereta katika kiwanda kidogo cha jibini upande wa Masisi, na jioni alimsaidia baba yake mdogo kukamua. Siku moja akaja mtu mwembamba kutoka Walikale, amevaa koti lenye vifungo vya shaba, akanunua kwa baba mdogo ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu na rangi ya asali, jina lake Gaju. Mtu huyo ndiye Floribert. Alikuwa na lori, hema, wanasarakasi wanne, mbuzi wawili waliotembea juu ya ubao mwembamba, na kasuku kumi na wawili, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu, aliowalea mwenyewe tangu wakiwa makinda. Sasa alitaka kuwaonyesha watu wa msituni ng'ombe wa milimani. Tatizo ni kwamba Gaju alikataa kupanda lori. Walimsukuma, wakamvuta kwa kamba, wakambembeleza, naye akasimama vilevile akicheua. Athanase akaja na chumvi kidogo kiganjani, akaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kuwapeleka ng'ombe majini, na Gaju akapanda kama bibi harusi anayeingia kwenye gari lake.

Floribert akamtazama kijana huyo kwa muda.

"Weye unajua ngombe," akasema, kisha akauliza habari za jenereta. "Na ile grupu inatoa courant kwa fabriki, njo weye unaitumikishaka?"

"Njo mimi, Papa."

"Basi panda na weye. Niko na taa zinanisumbua kupita bashemeji."

Akapanda. Mama yake alilia siku mbili, na baba mdogo akatangaza mbele ya kanisa zima kwamba kijana ameharibika akili.

Taa zenyewe zilikuwa aibu tupu. Projekta mbili zilizotoka kwenye sinema iliyofungwa Kisangani, na balbu sita zikining'inia uchi. Athanase alikata makopo ya mafuta ya kupikia, akayasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, akaweka kila balbu ndani ya kopo lake. Mbele ya makopo akafunga karatasi za peremende, nyekundu, kijani na buluu, alizokuwa akiwaomba watoto kila mji waliofika. Kisha akafanya jambo ambalo hata leo akilisimulia hunyanyuka kwenye kiti. Alichukua ndoo ya plastiki, akaijaza maji ya chumvi, akatumbukiza humo vipande viwili vya chuma vilivyofungwa kwenye waya wa taa. Ukivisogeza vipande karibu, taa inazidi. Ukivitenganisha, inafifia. Fundi mmoja wa kiwandani ndiye aliyemwonyesha, na tafadhali usijaribu kwako, maana Athanase ana kidole kimoja kisichokunjika tangu siku hizo. Lakini kwa ndoo ile aliweza kuleta alfajiri ndani ya hema. Watu walikuwa wamezoea taa inayowaka au iliyozimika. Taa inayochomoza hawakuwa wameiona. Chumvi ya ndoo na chumvi ya Gaju zilitoka gunia moja, na Floribert hakuacha kulalamika kwamba siriki yake inakula chumvi kuliko mji mzima wa Sake.

Wanyama nao ilibidi wafundishwe taa. Mafuta ya jenereta yalikuwa ya shida, kwa hiyo mazoezi yalifanywa mchana, bila taa, kwa kioo cha kunyolea ndevu. Hema lilifungwa kote, ukaachwa upenyo mmoja tu, na Athanase akakaa hapo akilikamata jua kwa kioo na kulirusha ndani. Duara la mwanga lilitambaa sakafuni. Palipotua duara, Floribert aliweka chumvi, na Gaju akapafuata. Kwa kasuku aliweka karanga. Mwezi haukuisha, wanyama wote wakawa wanaufuata mwanga popote ulipokwenda, hata pasipo na chochote cha kula. Gaju alipanda kisanduku cha ngazi tatu, akajigeuza mzima mzima juu yake, kisha akapiga magoti ya mbele. Kasuku waliruka kutoka taa nyekundu hadi ya kijani, kutoka ya kijani hadi ya buluu, wote kumi na wawili kwa mstari.

Fimbo haikuwepo. Hiyo ilikuwa sheria ya Floribert, na aliisema kwa kila aliyeajiriwa.

"Hapa kwangu hakuna fimbo. Mwenye kutaka kupiga, akapige ngoma."

Jioni ambayo Athanase huipenda kuliko zote ni ile ya Masisi, karibu na kanisa, mwezi wa saba. Hema lilijaa wafugaji. Waliingia na nyuso za watu waliokuja kubishana, kwa sababu ng'ombe wao wanamjua, nani atawafundisha habari za ng'ombe? Athanase akazima kila kitu. Akavisogeza vipande vyake vya chuma ndani ya ndoo taratibu, taratibu, na katikati ya giza ikatokea kwanza ncha ya pembe, kisha pembe nzima, kisha uso, kisha Gaju mwenyewe juu ya kisanduku chake, rangi yote ya asali, ametulia. Mzee mmoja akasimama nyuma, akainua mikono juu kama pembe, akaanza kumsifu Gaju kwa sauti, kama watu wanavyowasifu ng'ombe wao siku za furaha, akitaja mwendo wake, macho yake, maziwa yake ambayo hajawahi kuyanywa. Mwingine akampokea. Wakapokezana hivyo mpaka wanawake wakapiga vigelegele, na Floribert, ambaye hakuijua lugha ya wafugaji wala kuelewa hata neno moja la sifa zile, akasimama katikati ya uwanja machozi yakimtiririka kwenye vifungo vyake vya shaba. Athanase hakuwahi kupata furaha ya namna ile tena. Anawapenda watoto wake, anampenda mke wake, lakini furaha ile hakuipata tena, naye husema hivyo bila kuona haya.

Baada ya hapo, hadithi yake huwa fupi ghafla. "Kisha tukashuka Walikale," husema, "na siriki ikaisha." Watoto wa jirani hupiga kelele kwamba si mwisho huo. Mtu mzima hukohoa na kuuliza kama tochi imepona. Athanase huinama juu ya bisibisi yake, na hapo huwezi kumtoa neno hata ungemkamua.

Mkewe, Mukamurenzi, anajua kinachofuata. Alikijua katika mwaka wa kumi wa ndoa yao, na tangu hapo amekuwa akinyamaza kwa namna ambayo Athanase anaisikia.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua, alikuja Guy, mwendesha pikipiki wa Masisi anayepakia watu na jibini mpaka Walikale barabara ikiwa imetulia. Alileta betri iliyokufa. Athanase aliipokea na kuanza habari za makopo ya mafuta, Guy akamkata kalima.

"Papa, niko na salamu zako. Kule Walikale iko muzee moja, alisikia natokea huku, akaniuliza kama ungali unaishi. Jina lake Floribert."

Athanase akaiweka betri chini.

"Iko mugonjwa sana," Guy akaendelea. "Kifua. Binti yake anasema hii mvua hataimaliza. Na alinituma neno. Alisema nikuulize kama ile ngombe haikukuchukia na weye."

Mukamurenzi alikuwa mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Mikono yake ikasimama.

Sasa ni lazima niseme ambalo Athanase halisemi.

Walipoishukia Walikale mara ya mwisho, barabara ilikuwa imeoza kwa mvua. Kwenye daraja moja la magogo ilibidi wateremshe mizigo na wanyama ili lori livuke tupu. Gaju alifika katikati ya daraja akagoma. Mto ulikuwa umefura, lori linasubiri nyuma, watu wanapiga kelele, na Floribert hakuwa amelala siku mbili. Akaokota ufito, akampiga Gaju mgongoni. Mara moja tu. Gaju akavuka. Floribert akautupa ufito mtoni, na siku nzima hakuzungumza na mtu. Jioni hiyo hiyo walikuwa na onyesho mjini.

Athanase naye alikuwa na lake. Miezi kumi na minne hakuwa amemwona mama yake, maana hata walipopita Masisi lori halikufika kwao. Msitu ulimbana. Miti inafika mbinguni, hewa ni nzito, hakuna kilima cha kupanda uone mbali, na nzi wadogo wanaingia hata masikioni. Saa kumi na moja na nusu, jenereta ikiwa imeshawaka na watu wameanza kuingia, alikwenda nyuma ya hema akafanya jambo ambalo kila nyumba ya kwao hulifanya saa hiyo. Alikusanya mavi makavu ya Gaju na majani mabichi, akawasha moto mdogo wa moshi. Kwao moto huo huwashwa kila jioni penye zizi, ufukuze nzi wakati wa kukamua. Alijiambia kwamba anafukuza nzi. Kweli yake ni kwamba alitaka kuinusa harufu ile. Alichuchumaa hapo, akavuta pumzi, na kwa dakika chache akawa kwao. Kisha akaitwa, akaenda kwenye ndoo yake, moto akauacha ukifuka.

Na mtu aliyezaliwa kati ya ng'ombe, mtu aliyewaona kila jioni ya maisha yake wakiacha majani matamu na kushuka mlimani kwa sababu tu moshi umeinuka, hakukumbuka kwamba Gaju naye ana miezi kumi na minne hajarudi nyumbani.

Onyesho lilikwenda vizuri mpaka Gaju alipopanda kisanduku. Kasuku walikuwa juu, kwenye kamba ya taa nyekundu, wakingoja zamu yao. Upepo ukageuka. Athanase aliuona moshi ukiingia chini ya turubai, mwembamba, akajua papo hapo. Gaju akainua pua. Akalia mlio mrefu, ule wa ng'ombe anayeita zizini. Akateremka ngazi tatu. Hakukimbia hata kidogo. Alitembea kwa mwendo wa ng'ombe anayerudi nyumbani, akampita Floribert bila kumtazama, akaingia kwenye turubai kana kwamba ni mlango. Pembe zikashika kamba kubwa. Nguzo ya katikati ikaanguka, projekta zikapasuka, giza likaingia.

Hakufa mtu, Mungu asifiwe. Watu walitoka wakitambaa, wengine wakicheka, wakidhani ndivyo siriki inavyomalizika. Lakini turubai lilikuwa limechanika upande wa magharibi, na nje jua lilikuwa bado halijazama lote. Kasuku walikuwa wamefundishwa kuufuata mwanga. Waliufuata ule pekee uliobaki. Walitoka kwa mstari, kumi na wawili, na msitu ukawapokea.

Katika vurugu ile, kabla ya mtu yeyote kuzunguka nyuma, Athanase alibeba ndoo yake ya maji ya chumvi, akaumwagia moto ule na kufunika majivu kwa matope. Gaju alikuwa amesimama pale pale, akingoja kukamuliwa.

Floribert akawakuta hivyo, ng'ombe na mwenye taa. Akamtazama Gaju kutoka mbali.

"Ni ile fimbo," akasema. "Nilimupiga, na amenikataa mbele ya bantu bote. Na kasuku zimemufuata. Banyama bote bamenikataa."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Athanase alifungua mdomo. Aliliona koti lile lililochafuka, akaogopa, akaufunga. Kesho yake Floribert akauza lori. Siku ya tatu akamwambia Athanase amchukue Gaju arudi naye milimani, maana yeye hawezi kumwangalia machoni. Athanase alitembea naye siku kumi na moja. Gaju akaishi miaka mingine tisa, akazaa ndama watano, na wawili kati yao ndio waliokwenda kwa wazazi wa Mukamurenzi kama mahari. Kila kitu ambacho Athanase alipata baadaye kilianzia kwenye kimya kile, naye alikuwa anajua hivyo kila asubuhi aliyoamka.

Guy alipoondoka, Mukamurenzi akauweka ungo kando.

"Utaenda lini?" akauliza.

"Barabara haiko muzuri. Na magoti yangu unayajua."

"Sikuuliza magoti. Nimekuuliza siku gani."

"Atanilaani, Mama Niyigena. Muntu mwenye anakufa akikulaani, utaishi na hiyo namna gani?"

"Weye unaishi na ingine tangu zamani," akasema mkewe, bila ukali. "Ile siriki njo kitu yako moja ya muzuri, ninajua. Unaogopa ataichukua. Lakini yeye, ya kwake ulishaichukua."

Akaondoka Jumatano, nyuma ya pikipiki ya Guy, amefunga mduara wa jibini kwenye kitambaa, maana hata mtu anayekwenda kuomba radhi haendi mikono mitupu. Ilikuwa safari ya siku mbili. Guy, aliyezijua hadithi zote za siriki kwa moyo, alingoja asimuliwe tena, lakini abiria wake hakusema neno. Walipofika kwenye daraja moja, sasa la chuma, Athanase aliomba ateremke alivuke kwa miguu. Guy alidhani ni magoti.

Floribert aliishi katika nyumba ya mbao nyuma ya barabara kubwa. Mlango ulifunguliwa na binti yake, Aurélie, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka kama thelathini mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Karibu, Papa. Weye unatokea Masisi? Alisema atakuja muntu, tukafikiri ni homa inamusemesha." Akapokea jibini kwa mikono miwili. "Mulijuana wapi? Mulikuwa pamoja ku kazi ya serikali, ku bureau ya territoire?"

"Apana. Zamani, mbele ya ile."

"Mbele ya ile hatujue kitu. Papa alikuwaka mukarani tu. Muntu ya makaratasi. Hapa nyumbani hata kuku hakukubali tufuge."

Athanase akavua kofia. Alikuwa amejiandaa kwa laana. Hakuwa amejiandaa kwa hili, kwamba mtu yule aliyelia mbele ya umati wa Masisi aliishi miaka thelathini na minne na binti yake mwenyewe hajui kwamba aliwahi kuwa na kasuku hata mmoja. Yeye huku amekuwa akiila siriki ile kila siku kwenye benchi lake, anawagawia wateja, na mwenye siriki hakubakiwa na punje.

Floribert alikuwa amelala ubavu, amekonda, pumzi zake fupi. Alimtambua mara moja.

"Athanase. Uliipata wapi hiyo tumbo?"

"Kwa muke yangu, Papa."

Mgonjwa akacheka, akakohoa, Aurélie akamwinua kidogo kwenye mito na kwenda kuandaa chai nyuma ya pazia. Floribert akangoja apate hewa.

"Guy alikuuliza ile neno yangu?"

"Aliniuliza. Gaju hakunichukia. Alikufa na uzee, kwangu, mbele ya macho yangu." Athanase akameza mate. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa hakuliona hata moja. "Na weye hakukuchukia. Papa, mimi njo niliwasha moto."

"Moto gani?"

"Ile siku. Nyuma ya hema. Majani na mavi ya ngombe, sawa vile tunawashaka kwetu saa ya kukamua. Ngombe ya kwetu ikisikia ule moshi, inajua saa ya kurudia nyumbani imefika. Gaju hakukukimbia. Alisikia moshi, akafikiri kwao iko pale inje. Nilizima moto mbele ya weye kufika. Nilimwanga ndoo."

Nje lori lilipita, mbao za nyumba zikatetemeka. Floribert akajaribu kujiinua kwa kiwiko.

"Na ile fimbo?"

"Alikuwa ameshaisahau. Saa kenda, mchana ule ule, alikula chumvi mu mukono yako. Mimi nilikuona. Weye njo haukuona."

"Juu ya nini uliwasha?"

"Nilikuwa na hamu ya kwetu."

Pazia lilikuwa limetulia. Nyuma yake vikombe havikugongana tena.

"Nilikuwa na miaka makumi tatu na tano," Floribert akasema. Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ningefundisha kasuku zingine, Athanase. Ningetafuta lori ingine. Hema ni kitambaa tu, ningelishona. Sikuacha juu ya hema. Niliacha juu nilifikiri niko muntu mubaya."

"Ninajua."

"Haujue. Weye ulikuwa na ngombe."

Floribert akageuza uso ukutani. Athanase alikaa hapo mikono kwenye magoti yake mabovu, kisha akaona kwamba kukaa kwake ni kumwongezea mgonjwa mzigo. Akachukua kofia yake. Alikuwa amesema. Hakuahidiwa na mtu kwamba akisema atapona.

Aurélie alikuwa amesimama penye pazia, ameshika sinia la chai, na chai imeshapoa.

"Papa," akamwambia baba yake, polepole. "Kasuku gani?"

Akaweka sinia chini, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtoto.

"Papa, ulikuwa na kasuku?"

Mabega ya Floribert yakatikisika, na Athanase akadhani ni kikohozi. Mgonjwa akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Kumi na mbili," akasema. "Ya kwanza iliitwa Madame, juu ya ile mutembeo yake. Niliitoa mu muti wenye ulianguka, haikukuwa na hata unyoya moja. Nilikuwa naitafunia karanga mu kinywa yangu." Akaanza kuwataja mmoja mmoja, na kila jina alimweleza binti yake tabia ya mwenye jina, nani mwizi, nani mwenye wivu, nani aliyekataa kuruka mpaka aombwe mara mbili. Pumzi zilimkatika, akangoja, akaendelea. Akaingia kwenye mbuzi. Akafika kwa Gaju, akasimama kidogo, kisha akamweleza binti yake jinsi ng'ombe yule alivyokuwa akipanda ngazi tatu na kupiga magoti mbele ya watu, na mkono wake mkavu ukainuka hewani kuonyesha urefu wa pembe. Aurélie alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

Athanase alikuwa ameshafika mlangoni.

"Na mu giza bantu balikuwa baonaka namna gani?" Aurélie akauliza.

Floribert akatafuta hewa. Macho yake yakampita binti yake, yakaenda mlangoni, yakatua kwa yule mzee mnene mwenye kofia mkononi. Hakutabasamu.

"Ikaa," akamwambia. "Habari za taa sema weye. Mimi sikujuaka ile kazi."

Athanase akarudi, akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa kitanda. Hadithi ile alikuwa ameisimulia Muheto mara mia, mara elfu, kwa yeyote mwenye tochi mbovu. Sasa alifungua mdomo, na ikambidi angoje, kwa sababu kilio kilikuwa kimemtangulia.